Kazi Zinapopungua: Fundi Mdogo wa Kisumu Atawapata Wapi Wateja?

Mtu akipita mjini Kisumu asubuhi na mapema, kabla maduka hayajafunguliwa, hakosi kuona watu wamekaa mbele ya maduka ya vifaa vya ujenzi, kila mmoja na mfuko wake. Ndani ya mfuko mna mwiko, timazi, pima maji na nguo za kazi. Hao ni waashi, wapiga lipu, mafundi bomba na wapaka rangi wanaongoja mtu aje kununua simiti, ili wamwulize kama anaye fundi. Wakati kazi ni nyingi, ifikapo saa tatu wote wamekwisha ondoka. Wakati kazi ni chache, wengine hukaa pale mpaka jua la saa sita liwafukuze, nao hurudi Nyalenda, Manyatta au Obunga mikono mitupu.

Maneno haya yanawahusu mafundi kama hao: mtu mwenye wasaidizi wawili au watatu, asiye na ofisi wala lori, ambaye jina lake hujulikana kwa midomo ya watu tu. Lakini yanamhusu pia mkulima wa Kano na karani wa mjini, maana hao ndio wateja wake, na nyumba ambazo hazijakwisha ni zao.

KUPUNGUA KWA KAZI HUANZIA WAPI

Upungufu wa kazi hauanzii kwenye mwiko. Huanzia kwenye karatasi ya mshahara. Kandokando ya ziwa, kutoka Ahero mpaka Bondo, nyumba nyingi hazijengwi kwa mkopo mkubwa wa benki. Hujengwa kidogo kidogo. Mwalimu, muuguzi au askari huchukua mkopo wa chama cha akiba na mikopo, akaweka msingi mwaka huu, akainua kuta mwaka ujao, na mabati yakafuata mwaka wa tatu kama watoto hawakuitiwa karo. Basi mshahara ukipunguzwa hata kidogo, chakula hakiachwi, karo haiachwi. Kinachoachwa kwanza ni ukuta.

Hivyo ndivyo ilivyotokea miaka ya 2023 na 2024. Sheria ya fedha ya mwaka 2023 iliweka tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara. Ilipopingwa mahakamani, sheria nyingine iliirudisha mwezi wa Machi 2024. Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha kiwango chake cha riba hadi asilimia 13, na mikopo ikawa ghali kila mahali. Mwezi uliotangulia shilingi ilikuwa imeshuka hata dola moja ikakaribia shilingi 160, na vitu vitokavyo ng'ambo, kama vile nyaya za umeme na mifereji ya maji, vikapanda bei. Kisha Juni na Julai yakaja maandamano, na maduka ya Kisumu yakafungwa siku nyingi. Benki Kuu ilianza kupunguza riba Agosti 2024, lakini mtu aliyekwisha simamisha ujenzi harudi kazini siku riba inaposhuka. Kwanza hulipa madeni.

Tozo hiyo ya nyumba ilikusudiwa kujenga nyumba za bei nafuu, na Serikali ilitangaza kwamba milango na madirisha yake yatanunuliwa kwa mafundi wa jua kali. Ni jambo jema kwa seremala na mchomelea vyuma walio katika chama chenye kuweza kutengeneza milango mamia kwa kipimo kimoja. Kwa mpiga lipu wa Obunga afanyaye kazi peke yake halina msaada mkubwa.

SHIDA HII SI NGENI

Mji wenyewe ulizaliwa na kazi ya ujenzi. Reli ilipofika ufukoni mwaka 1901, na mahali pakaitwa Port Florence, waashi na maseremala wengi walikuwa Wahindi. Wenyeji walibeba mawe na kutazama. Shule ya misheni iliyoanzishwa Maseno mwaka 1906 iliwafundisha vijana kazi za mikono pamoja na vitabu, na mwaka 1924 Serikali ya kikoloni ilifungua chuo cha ufundi Kabete, ambako vijana kutoka sehemu nyingi za nchi walifundishwa useremala, uashi na uhunzi.

Hawajakaa sana na vyombo vyao mikononi, mara dunia nzima ikaingia katika dhiki ya mwaka 1929 na miaka iliyofuata. Majengo yakasimama. Kwa bahati dhahabu ilionekana Kakamega mwaka 1931, machimbo yakahitaji vibarua kwa maelfu, na penye watu wengi hapakosi haja ya nyumba na milango. Baadaye yalikuja mapigo mengine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na kazi za reli na meli za ziwani zikapungua. Kiwanda cha nguo cha Kicomi kilifungwa katika miaka ya 1990. Kiwanda cha sukari cha Miwani kilisimama mwaka 2001. Kila kiwanda kilichofungwa kilimwondolea fundi mamia ya watu waliokuwa wakipokea mshahara mwisho wa mwezi na kununua mabati.

NYUMBA ZILIZOSIMAMA NJIANI

Ukitoka mjini kuelekea Mamboleo, Riat, Otonglo au vilima vya Kajulu, utaona nyumba nyingi zilizofika kwenye lenta na kusimama hapo. Nondo zimeota kutu, majani yameota sebuleni, na mbuzi wa jirani wamefanya chumba cha kulala kuwa zizi. Fundi wengi huzipita nyumba hizi wakidhani ni kazi iliyokufa. Hapo ndipo wanapokosea.

Mwenye nyumba kama hiyo ndiye mteja bora kuliko wote katika wakati mgumu. Kiwanja anacho. Msingi amekwisha ulipia. Tena kila mvua inayonyesha inamla, kwa sababu matofali ya kuchoma yaliyoachwa wazi juu hunyonya maji na udongo wa katikati hulegea. Mtu huyo hahitaji kushawishiwa kwamba nyumba ni kitu kizuri. Anachokiogopa ni bei ya nyumba nzima, na fundi akifika kwake na hesabu ya nyumba nzima humtia hofu mara ya pili.

Fundi mwerevu humwendea kwa jambo dogo. Mazungumzo huwa kama hivi:

"Mzee, habari za nyumbani?"

"Njema, mwanangu. Lakini kama umekuja kwa ajili ya ile nyumba, jua kwamba fedha zimekwisha."

"Sikuja kuomba kazi yote, Mzee. Nimepita nikaona ukuta wa nyuma umeanza kunywa maji. Mifuko miwili ya simiti na siku mbili zatosha kuufunika juu. Ukiachwa hivyo mpaka mvua ijayo, itabidi kubomoa mistari mitatu."

"Na mabati?"

"Hayo yatangoja Desemba, watoto wakija."

Katika mazungumzo hayo fundi hakuomba zaidi ya siku mbili, lakini ameipata nyumba. Desemba ikifika, watoto wakirudi kutoka Nairobi na Mombasa na kuuliza nani afanye kazi ya mabati, Mzee hatakwenda kumtafuta mtu mbele ya duka. Kuna njia nyingine pia, nayo ni kupendekeza vyumba viwili viezekwe kwanza, viwekwe mlango mmoja na madirisha mawili, ili mwenye nyumba aache kulipa kodi mjini. Kodi anayoiokoa ndiyo itakayolipa chumba cha tatu. Fundi anayeweza kuandika hesabu hiyo kwenye karatasi, kodi ya miezi kumi na miwili upande mmoja na bei ya vyumba viwili upande wa pili, hana haja ya maneno mengi.

KALENDA YA DALA

Kazi ya ujenzi katika Nyanza ina majira yake, kama vile mahindi yalivyo na majira. Watu wa mbali hurudi Desemba, tena Agosti na Pasaka. Kijana aliyekua sharti awe na simba yake, yaani nyumba ya kijana katika boma la baba yake. Mtu mzima mwenye mke na watoto hutarajiwa kutoka na kuanzisha dala yake mwenyewe. Mambo haya hayangoji uchumi upone. Yanaweza kupunguzwa ukubwa, nyumba ya matofali ikawa ya mabati na miti, lakini hayafutwi. Kwa hiyo fundi anayekaa mjini mwezi wa Oktoba akilalamika kwamba hakuna kazi, naye ana wajomba Asembo au Nyakach, ameacha shamba lake bila kulitembelea. Oktoba ndio wakati wa kuuliza ni nani anayekuja Desemba na amekusudia nini.

Liko jambo jingine, nalo hutajwa kwa sauti ya chini. Kwa desturi ya Waluo mwanamume mzima huzikwa nyumbani kwake. Aliyefariki mjini bila kujenga, jamaa zake humjengea nyumba, hata ikiwa ndogo, kabla ya mwili kufika. Na hata aliye na nyumba, kuta zitapigwa lipu, mlango utatiwa rangi, na kaburi litajengwa kwa simiti. Kazi hii huja ghafla, huwa ya siku tano au sita, na fedha zake hukusanywa kwa mchango wa watu wengi.

Mafundi wengine huiona kama nafasi ya kupandisha bei, kwa kuwa wafiwa hawana muda wa kutafuta mwingine. Ni ukatili, na juu ya ukatili ni upumbavu. Siku ya maziko watu mamia kutoka Nairobi, Mombasa na hata Kampala watasimama mbele ya ukuta huo kutwa nzima. Hakuna maonyesho ya biashara yanayoweza kumpa fundi watazamaji kama hao bila malipo. Akiwa amefanya kazi safi kwa bei ya haki, wawili au watatu watauliza jina lake. Akiwa amewanyonya wafiwa, jina lake litaulizwa vile vile, na litakumbukwa miaka kumi.

BEI NA DAFTARI

Hapa ndipo mafundi wengi wanapoangamia, nao huangamia wakiwa na kazi mkononi. Kazi zikiwa chache kila mtu hupunguza bei ili amshinde mwenzake. Tuseme mwashi ametakiwa kupiga lipu vyumba viwili, vifaa vyote vikinunuliwa na mwenye nyumba. Yeye na msaidizi mmoja watamaliza kwa siku 5. Ikiwa siku yake ni shilingi 1,500 na ya msaidizi ni shilingi 800, ujira ni shilingi 11,500. Nauli ya wote wawili, shilingi 200 kwa siku, ni 1,000. Kuchakaa kwa vyombo na ndoo tuweke 500. Jumla ni shilingi 13,000. Bei hizi ni za mfano tu. Kila mtaa una zake.

Sasa mwenye nyumba anasema kuna fundi mwingine aliyetaja 9,000. Mwashi wetu anaingiwa na hofu, anasema 8,500. Ameipata kazi. Siku ya nne fedha zote zimekwisha kwa msaidizi na chakula, na nyumbani kwake hajapeleka kitu. Siku ya tano anaitwa kazi nyingine yenye malipo ya kwanza, anakwenda, na ukuta wa chumba cha pili unabaki nusu. Mwenye nyumba anapiga simu, simu haipokewi. Kwa shilingi 8,500 fundi amenunua uadui wa mtaa mzima.

Dawa yake ni kupunguza kazi, bei ikabaki ya haki. Akiambiwa 13,000 ni nyingi, aseme kwamba sebule peke yake itagharimu 7,000, na chumba cha pili kingoje mwezi ujao. Mteja mwenye fedha kidogo hupata kitu kamili anachoweza kuketi ndani yake, na fundi hulala na nguvu zake. Atakayekataa hata hilo, na aende kwa yule wa 9,000. Mara nyingi hurudi.

Malipo nayo yapangwe kabla ya ndoo ya kwanza ya mchanga kumwagwa. Njia iliyozoeleka na isiyo na ugomvi ni theluthi moja siku ya kuanza, theluthi ya pili kazi ikifika nusu, na iliyobaki siku ya kumaliza, mwenye nyumba akiwa amekagua. Karatasi moja inatosha kuandika kazi gani itafanywa, ni nani anunue mchanga na nani alipe gari lake, kazi itaanza lini na kwisha lini. Wote wawili watie sahihi. Kupokea fedha kwa M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, kuna faida ambayo watu huisahau: ujumbe hubaki na tarehe na kiasi, na hakuna anayeweza kusema alilipa kitu ambacho hakulipa. Hata hivyo ujumbe si daftari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na fundi asiyeandika siku za wasaidizi wake hatajua kamwe ni kazi gani ilimpa faida na ipi ilimla.

Lazima pia lisemwe jambo ambalo mafundi hawapendi kulisikia. Malalamiko makubwa ya wenye nyumba si bei. Ni "kesho". Fundi hupokea malipo ya kwanza ya kazi tatu kwa wiki moja, akaanza zote, asimalize hata moja. Simenti imegandia mifukoni, na kila mmoja anaambiwa kesho. Yeye anaona amejilinda na njaa. Kwa kweli ameuza wateja watatu kwa bei ya mmoja. Watu husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini katika mji ambao mafundi ni wengi kuliko kazi, chema nacho sharti kitembezwe kidogo. Ila kisitembezwe na mtu ambaye majirani wamekwisha mjua kwa "kesho" yake.

KAZI NDOGO ZISIZOKOMA

Nyumba mpya zinaweza kungoja. Mfereji uliopasuka haungoji. Hii ndiyo sababu fundi bomba na fundi wa umeme huumia polepole kuliko mwashi, na ndiyo sababu mwashi naye yafaa ajue kuziba paa, kutengeneza choo na kurudishia kufuli.

Penye vyuo pana vyumba vya kupangisha. Chuo Kikuu cha Maseno na kile cha Jaramogi Oginga Odinga kilichoko Bondo vimezungukwa na nyumba ndefu zenye vyumba vya wanafunzi, na wenye nyumba wengi hukaa mbali. Wanafunzi wakiondoka, kuta zinataka rangi, vitasa vinataka kubadilishwa na sinki zimeziba, na yote hayo yanatakiwa yawe tayari kabla muhula mwingine haujaanza. Mwenye nyumba aliyeko Nairobi hatafuti fundi mwenye bei ndogo kuliko wote. Anatafuta mtu ambaye hatahitaji kusafiri kwenda kumtazama. Fundi akimpelekea picha ya sinki kabla na baada, pamoja na picha ya risiti ya duka, amempunguzia nauli ya safari nzima. Apange naye ada ndogo ya kila mwezi ya kuzungukia vyumba, na hapo atakuwa na fedha hata mwezi ambao hakuna anayejenga.

Shule pia hutengeneza madawati, madirisha na vyoo wakati wa likizo. Bodi za shule hupanga matumizi mapema, kwa hiyo barua ifike wiki nyingi kabla ya shule kufungwa. Miaka ya 2021 na 2022 Serikali ilipokusudia kujenga madarasa 10,000 kwa ajili ya mtaala mpya, kazi zilitolewa kwa wakandarasi wa karibu na shule zenyewe. Waliofaidika ni wale ambao karatasi zao zilikuwa tayari siku tangazo lilipotoka. Wengine walianza kutafuta hati wakati wenzao wanachimba msingi.

ZABUNI ZA SERIKALI

Karatasi hizo ni zipi? Halmashauri ya kitaifa ya ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, huandikisha wakandarasi katika madaraja 8, la 8 likiwa la wadogo kabisa; huandikisha pia mafundi mmoja mmoja. Fundi wa umeme sharti awe na leseni ya EPRA. Aliyejifunza kazi kwa kutazama wengine anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, unaoanzia daraja la tatu kupanda hadi la kwanza, na NITA ina kituo mjini Kisumu. Tena tangu mwaka 2013 uko mpango wa kuwatengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya manunuzi ya Serikali, na sheria ya ununuzi ya mwaka 2015 imeutia nguvu. Kijana mwenye kampuni ndogo anaweza kuandikishwa na kushindana na vijana wenzake tu.

Yote hayo ni mema, lakini fundi asidanganyike. Kupata zabuni si kupata fedha. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti zilionyesha kwamba kufikia Juni 2024 kaunti zote 47 kwa jumla zilikuwa na madeni ambayo hayajalipwa ya zaidi ya shilingi bilioni 150. Nyuma ya tarakimu hiyo wako watu waliojenga daraja dogo au choo cha zahanati kwa mkopo, wakakabidhi kazi, wakangoja mwaka, miaka miwili, mitatu, huku riba ikipanda na mwenye duka la vifaa akija mlangoni. Wengine waliuza mashamba. Mkandarasi mwenye mtaji wa nyumba moja hana nguvu za kuikopesha Serikali. Basi na aombe kazi ambayo hata ikichelewa kulipwa haitamfunga, na kabla ya kutia sahihi aulize kama fedha zake zimo katika bajeti ya mwaka huo huo.

KUSHIRIKIANA

Kando ya ziwa hili liko jaribio la zamani ambalo lafaa kukumbukwa. Jaramogi Oginga Odinga, akiwa mwalimu Maseno, aliona kwamba biashara zote za maana zilikuwa mikononi mwa wageni. Akaanza kukusanya akiba za watu, hisa ndogo ndogo, na mwaka 1947 chama chao kikaandikishwa kwa jina la Luo Thrift and Trading Corporation. Kilijenga maduka Maseno, kikaanzisha kiwanda cha uchapaji cha Ramogi huko Nairobi. Kilipata tabu nyingi, za fedha na za uongozi, na katikati ya miaka ya 1950 nguvu zake zilikuwa zimepungua. Odinga mwenyewe aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957. Lakini kilichowafanya watu watoe shilingi zao ni kwamba walimjua mwalimu huyo na walijua nyumbani kwao. Udugu ulileta hisa ya kwanza. Kuendesha biashara siku zote kulihitaji mambo ambayo udugu hauwezi kuyatoa: hesabu, mtaji na watu waliofundishwa.

Mafundi wa leo wanaweza kuanza na jambo dogo kuliko hilo. Mwashi, seremala, fundi bomba, fundi wa umeme na mpaka rangi, watu watano wanaoaminiana, wapatane kwamba kila mmoja akiwa kazini atawataja wenzake. Nyumba moja huhitaji wote watano kwa zamu, na mwashi ndiye hufika kwanza. Mwenye nyumba hufurahi kupata watu wanaojuana, kwa sababu mpiga lipu hatabomoa bomba la mwenzake kisha akakana. Lakini wapatane pia kwamba atakayeharibu atarekebisha kwa fedha zake, na kwamba hakuna anayechukua fungu la siri juu ya bei ya mwingine. Makundi mengi huvunjwa na fungu hilo kuliko na ukosefu wa kazi.

SIKU YA MVUA YA KWANZA

Mvua kubwa za masika huanza kwenye mwezi wa Machi na kuendelea hadi Mei, na waashi wengi huzichukia, kwa kuwa lipu haikauki na mchanga hauletwi. Mwaka 2020 mvua zilikuwa nyingi hata ziwa likapanda na kuingia katika nyumba za ufukoni, na mwaka 2024 nchi ya Kano ilifunikwa tena na maji. Lakini asubuhi baada ya mvua ya kwanza, kila paa linalovuja katika mtaa limekwisha jitangaza lenyewe. Beseni liko sebuleni, godoro limeanikwa nje, na mama wa nyumba anatazama juu. Fundi mwenye ngazi, misumari ya mabati na kopo la lami, akipita njia ile kabla ya saa tatu, atapata kazi ya mchana mmoja katika kila nyumba ya tatu au ya nne. Malipo ni madogo. Lakini akiwa juu ya paa ataona boriti iliyooza, ataona mfereji wa maji uliong'oka, na kutoka juu pale ataona pia paa la jirani.